Macho ya Jemadari

Bi Nunu alipaka rangi vinyago vya mchezo wa vita, vidogo kama kidole gumba: mazimwi, wachawi na wapanda farasi. Macho aliyaacha mwisho, wala hakumruhusu mtu mwingine kuyatia. Katika chama chao, askari asiye na macho hakuingizwa vitani, na mashindano yalikuwa kesho.

Alitia nukta mbili usoni mwa jemadari, kisha akamwinua mbele ya bintiye, Raihani.

"Anaona?"

Raihani alisita. "Jicho moja liko shavuni, mama."

"Na la pili?"

"Kwenye kofia."

"Basi huyo atapigana na kunguru," alisema Bi Nunu, akacheka kidogo. Aliufuta uso ule kwa kitambaa, akavua miwani, akamsogezea Raihani brashi.

"Mimi sijawahi, mama."

"Hata mimi kuna siku sikuwahi. Ilambe ncha kwanza, ichongoke."

Raihani akailamba, akakunja uso kwa uchungu wa rangi. Bi Nunu akamshika jemadari kwa vidole viwili, akamwelekeza upande aliposikia pumzi za bintiye, mpaka pumzi zenyewe zikatulia.