Mguu Usiguse Chini

Enyi walimwengu, mji mzima ulifurika kushuhudia tukio kuu la karne! Yaani, wazee watatu wa chama cha baiskeli na mbuzi mmoja.

Sharti lao lilikuwa la kale kama kuta za mji: anayetaka kuendesha nao katika vijiji vya mizabibu, kwanza apande kilima hadi ndani ya lango la mawe bila mguu kugusa chini. Bi. Tabu, mwanamke wa kwanza kuthubutu, alikuwa hatua chache kutoka langoni pumzi zilipomwishia. Baiskeli ikayumba.

“Mpanda ngazi hushuka!” Mzee Shomvi akacheka. “Kokota, bibi, urudi jikoni!”

“Hii baiskeli, shemeji. Ngazi mwachie fundi rangi.”

Akaegemeza bega kwenye ukuta wa kando ya njia, miguu ikabaki kwenye pedali. Akapumua kwa raha, kama aliyekaa barazani kwake.

“Huo ujanja!”

“Mlisema mguu. Bega halikutajwa.”

Kisha akausukuma ukuta kwa kiwiko, akakanyaga kwa nguvu, akapita langoni kama malkia.

Haya, mmenikamata nikitia chumvi. Ni gurudumu la mbele tu lililopita. La nyuma lilikuwa bado linateleza juu ya jiwe, Bi. Tabu anakanyaga, na Mzee Shomvi amepiga magoti akichungulia soli za viatu vya bibi huyo.