Hodi Juu ya Maji

Jepkemboi alifika kwenye rasi ya mawe, mbwa wake akitangulia. Chini yao Ziwa Baringo lilikuwa limemeza boma lake lote, likabakiza paa la nyumba, mabati yameshika kutu.

Mvuvi mmoja alisogeza mtumbwi wake, akaufunga kwenye lile paa. Mbwa akabweka, manyoya ya shingo yamesimama, kama zamani pale getini.

“Mathe, shika mbwa!” mvuvi alipaza sauti.

“Anafanya kazi yake. Hapo ni kwangu. Maji yaliingia bila hodi, lakini wewe ni mtu.”

Mvuvi alilitazama paa. Akavua kofia.

“Hodi, mathe.”

Jepkemboi alipatafuta kwa macho mahali mlango ulipokuwa.

“Karibu,” akasema, na mbwa akanyamaza.