Der Ikigeuka Den

Kahonzi alifungua kinywa, na samaki akamla mwanamume.

Darasa la Kijerumani likaangua kicheko. Mwalimu Nyakio hakucheka. Alirudi ubaoni, akaipigia mstari sentensi aliyokuwa ameiandika: Der Mann isst den Fisch. Mwanamume anakula samaki.

"Wewe umesema Den Mann isst der Fisch," alisema. "Anayetenda ni der. Anayetendwa hugeuka den. Ukikosea hapo, Kahonzi, ushamwangamiza mtu wa watu."

"Lakini mwalimu, hata neno likikosewa, si itajulikana tu nani kamla nani?"

"Kwenu, ndiyo. Wajerumani hawatakukisia."

Kahonzi aliketi, uso umemwiva. Hoteli ya Malindi alikokuwa akitandika vitanda ilikuwa imefungwa, na kwao Jilore mvua ilikuwa imewapa kisogo. Nyumba moja ya kutunzia wazee huko Ujerumani ilitaka mlezi mmoja kutoka darasa hili, na kila mtu alijua mlezi huyo atakuwa Tevin. Kwa Tevin, der na den ziliteleza ulimini kama bamia.

Baada ya somo, mwalimu alimpa Kahonzi dawa. "Lugha ya nyumbani ndiyo inayokuvuruga. Iweke kando kabisa. Ota kwa Kijerumani."

Basi mama yake, Kavumbi, alipopiga simu kutoka Jilore na kuanza kumjulia hali kwa Kigiriama, Kahonzi alimkatiza.

"Mama, kwa sasa usinisemeshe hivyo. Kinanichanganya."

"Nikusemeshe vipi, basi?"

"Kwa Kiswahili. Na kwa ufupi."

"Haya," Kavumbi alisema, kwa Kiswahili cha mtu anayezungumza na karani wa serikali. "Shughuli njema."

Siku ya mahojiano, mabibi wawili wa Kijerumani walitokea kwenye kioo cha kompyuta. Walimwuliza Kahonzi anakula nini asubuhi. Akajibu, Mwalimu Nyakio akisikia kwa masikio yake, kwamba mkate humla yeye kila siku.

Mabibi wakatazamana. Mmoja akauliza alizaliwa wapi, na mama yake alimlea kwa lugha gani. Kahonzi aliona ni adabu tu, namna ya kumliwaza mtu aliyekwisha kuanguka. Akawajibu: Jilore, kwa Kigiriama. Wakaitikia kwa vichwa, wakaandika.

Kazi akapewa yeye.

Tevin alidhani majina yamechanganywa. Mwalimu Nyakio alisoma ile barua pepe, akairudia tena. Kahonzi peke yake hakuona ajabu. Mtu aliyekubali kuacha hata lugha ya mama yake, halafu akose? Mungu si Athumani.

Ujerumani ilimpokea kwa baridi ya kukata masikio. Msimamizi alimwongoza kwenye ujia mrefu, akimweleza habari za Frau Lindner, mgonjwa wake wa kwanza. Alieleza mengi, tena kwa kasi. Kahonzi aliambulia kwamba bibi huyo ni mjane, kwamba ana maradhi ya kusahau, na kwamba walezi wote wamemshindwa. Yaliyobaki aliyaitikia "ja, ja," kwa heshima.

Moyoni alikuwa akirudia jambo moja tu. Si ein Tee. Einen Tee. Chai haitendi, hutendwa.

Bibi kizee alikuwa amekaa ameelekea dirishani, amejifunika blanketi hadi utosini. Kahonzi alipiga goti kando ya kiti chake, akavuta pumzi, akamwuliza kama angependa chai.

"Möchten Sie einen Tee, Frau Lindner?"

Haikukosewa hata herufi. Laiti Tevin angalikuwapo.

Blanketi lilishuka polepole. Yule bibi aligeuka, akamtazama Kahonzi uso mzima, kisha akamshika kidevu kwa mkono mweusi uliokunjamana.

"Mwanangu," alisema kwa Kigiriama, "hata wewe wanisemesha kwa lugha yao? Nami nilidhani wameniletea mtu wa kuongea naye."