Mashine Inayonusa Mtaa

Uvumi ulimganda Mama Tunu rohoni: kwamba tangu maradhi ya pumzi yaingie, mashine ya mlangoni hospitalini hunusa mtaa unakotoka. Ukinuka moshi wa mkaa, inakuhesabu hutapona, na kitanda anapewa mtu wa vilimani kwa matajiri.

Tunu alipoanza kuhema, mama yake alimwogesha kwa sabuni mpya, akamvika gauni lililofungwa kwenye mfuko tangu Idi.

“Mtie na marashi, shoga,” jirani yake Bi Shida alimtania. “Aonekane katoka kwenye viyoyozi.”

Tunu alitembea mwenyewe mpaka karibu na geti, miguu ikamwishia nguvu. Mama yake akambeba mgongoni kwa kanga yake.

Mashine ikawasha taa nyekundu.

“Mtoto ni safi, mama,” muuguzi alisema. “Moshi ni wa kanga yako.”

“Basi apite tena peke yake, dada yangu.”

“Ikishaandika haifuti.”

Bado wanamwita Mama Tunu, ingawa Tunu hayupo tena. Akiwa bombani huwatajia wenziwe mambo ya kuepuka:

Usipike kwa mkaa mtoto akiwa ndani.
Usianike nguo zake uani.
Usimlaze kitanda kimoja nawe.
Akichoka njiani, usimbebe.