Jicho la Mtakatifu

Mkono wa Zenebech ulitetemeka, rangi nyeusi ikamchafua mtakatifu aliyekuwa akimchora, mahali pa jicho la pili. Mji mzima wa Gondar unajua: katika picha za kanisa, anayechorwa na jicho moja ni mwovu.

"Mama, umempeleka motoni!" wakacheka watazamaji nyuma ya kamba.

Akauficha mkono ndani ya mtandio. Mchoraji mwenzake, waliyepewa pamoja karakana hii ya wazi na turubai moja la kuchorea kwa miezi miwili, hakupaswa kujua kwamba unatetemeka. Angeomba apewe mwenza mwingine.

Mwenzake akafuta doa kwa kidole, akachovya brashi.

"Mama Zenebech," akasema kwa sauti, wote wasikie, "leo mkono wangu unatetemeka vibaya. Hebu nishike mkono, tummalizie jicho."

Zenebech akaushika mkono wa mwenzake. Ulikuwa umetulia tuli.