Kilicho Chini Kilitangulia

Kila lori lilipopita, mponda kokoto alitema mate. Lori la mawe, lori tupu, hata la maji: ptu!

"Mzee, malori yamekukosea nini?" mtaalamu wa mawe alimuuliza siku ya kwanza. Alikuwa dada wa umri mdogo, kofia ya plastiki imemzidi kichwa.

"Yalinibebea mke."

Pale machimboni kila mtu aliijua habari hiyo. Mwaka ule ukuta wa mawe ulikatika ukaporomoka wakati mzee yuko safarini, msibani kwa mjomba wake. Msimamizi aliwaapia wakubwa wa kampuni kwamba hakuna aliyekuwa chini, vibarua wote alishawapa mapumziko. Wakubwa wakaridhika. Mkubwa huridhika upesi akiambiwa anachotaka kusikia.

Mzee alirudi akakuta nyumba imefungwa na binti yake mdogo yuko kwa jirani. Mke? Msimamizi alisema alimwona kwa macho yake, siku ya pili baada ya ukuta kuanguka, anapanda lori na dereva, kajitanda mtandio, hata nyuma hakugeuka.

Tangu hapo mzee alilala upande wake wa kitanda tu. Upande wa ukutani hakuvuka, wala hakumruhusu mtu kuukalia.

Maporomoko yale yaliuacha ukuta safi, tabaka juu ya tabaka, na ndicho kilichowaleta wataalamu. Walitaka kugongelea msumari wa shaba pale enzi moja ya dunia ilipoishia na nyingine ikaanza. Wageni wa heshima walikuwa njiani kuja kupiga picha. Mzee akapewa kibarua cha kuondoa kifusi chini ya ukuta.

Mtaalamu alimwonyesha vikonokono vilivyogeuka jiwe, vidogo kama punje za mtama. "Kilicho chini kilitangulia, mzee. Hiyo ndiyo sheria yetu. Chini ya mstari huu konokono huyu hayupo. Hapa ndipo anapoingia wa kwanza, basi msumari unakaa hapa."

"Na hawa wa chini, ambao huko juu siwaoni?"

"Waliotoweka hatuwaamini sana. Unasema kaondoka, kumbe yupo, ni sisi tu hatujachimba alipo."

Mzee akacheka kwa pua. "Hao wenu. Wangu alionekana."

Mchana binti yake alimletea chakula. Sasa alikuwa mwari wa kuolewa, na neno lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi.

"Baba, nataka nimtangaze mama redioni. Aje anione naolewa."

"Aliyeondoka kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake. Na jina lake usilitaje harusini nikiwa hai."

"Lakini aliacha nguo zote, baba. Hata viatu vyake vya kutokea. Alichochukua ni pete ya tairi tu. Nani anatoroka na pete ya kupondea mawe?"

Pete ile mzee aliitengeneza mwenyewe: ukanda wa tairi uliokunjwa, wa kubania jiwe ili nyundo isile vidole. Mpira ulipomchubua mkewe kiganja, aliuzungushia kitambaa chekundu. Enzi hizo walikuwa wakiponda wamekaa bega kwa bega, wakitaniana nani kokoto zake ni nzuri zaidi.

"Labda huko alikokwenda nako wanaponda," alisema.

"Moyo wako nao umekuwa jiwe, baba."

"Ndiyo kazi yangu, mawe."

Binti akakusanya vyombo, akaondoka analia bila sauti. Mzee akamtazama mpaka alipopotea kwenye vumbi. Alitembea kama mama yake.

Alasiri msimamizi alipita. "Kifusi kile cha pembeni kiacheni. Kimekaa vizuri, wageni watasimama pale."

"Kimefunika tabaka la chini kabisa," mtaalamu akasema. "Nataka niliangalie."

"Dada, mimi nimezeekea hapa. Nimesema kiacheni."

"Na mimi nisipoliona sigongi msumari. Waambie wakubwa wako waje wapige picha na ukuta mtupu."

Msimamizi akageuka. Akaenda zake akijifuta shingo, na jua lenyewe lilishapoa.

"Aliye juu mngojee chini," mzee akanong'ona, na mtaalamu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mzee kuona raha kazini.

Walianza na mawe madogo, wakafika kwenye bamba moja pana. Mzee akachomeka mtaimbo, akaulalia kwa uzito wake wote. Bamba likagoma, likalia, kisha likainuka upande mmoja. Mtaalamu akawahi kuliwekea jiwe la kulizuia.

Juu barabarani lori likapiga honi. Mzee akakusanya mate, akainama ateme pale pale chini ya bamba.

Palikuwa na pete ya tairi iliyozungushiwa kitambaa chekundu, na mifupa ya vidole bado imeibana.

Mzee akayameza mate yake.