Kitanda cha Pili cha Mama Mbonea

Siku ya kupokea wanafunzi wapya chuoni, Nakijwa, aliyekuwa akisoma huko, alijitolea kubeba mizigo langoni, kwa kuwa alijua mdogo wake atakuja. Kwa sheria ya chuo, mzazi harudi nyumbani kabla ya kuchomwa sindano ya kumsahau mwanawe mpaka ahitimu, ili kijana asome bila kuitwaitwa.

Mama yao alishuka kwenye teksi amekumbatia godoro, Mbonea akimfuata nyuma.

"Shikamoo, mama," Nakijwa alisema, akilipokea.

"Marahaba, binti. Mimi ni Mama Mbonea. Huyu ndiye mwanangu wa pekee, nakuomba umwangalie."

Zamani mtaa mzima ulimwita Mama Nakijwa. Mbonea alimtazama dada yake, akafumbua kinywa, kisha akainama na kujifanya anafunga kiatu. Anayemkumbusha mzazi hufukuzwa.

Wakipanda ngazi za bweni, mama alisema, "Nyumbani kuna kitanda cha pili, na magauni ya msichana. Sijui ni ya nani. Nimeyagawa."

"Umefanya vizuri, mama," Nakijwa alijibu, akiendelea kupanda na godoro.

Alasiri alimpokea mama mlangoni mwa chumba cha sindano, akamsindikiza hadi kwenye basi. Juu, kwenye dirisha la bweni, Mbonea alikuwa akipunga mkono.

"Yule kijana anampungia nani?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

"Maskini, labda hakuna aliyemleta," mama alisema, akainua mkono, akampungia mpaka basi lilipoondoka.